Je, Wanawake Walioongoza Filamu za Mwanzo Walikuwa Vivuli vya Waume Zao?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho. Juzi nilibishana na kaka yangu. Nilimwambia kwamba enzi za filamu bubu wanawake waliongoza filamu nyingi tu. Akacheka, akasema hao walikuwa waigizaji, na wachache wanaotajwa kuwa waongozaji waliandikwa majina kwa sababu waume zao ndio waliokuwa wenye studio. Nikamtajia Alice Guy, nikakwama hapo. Kuna ukweli katika anachosema? Na kama walikuwepo kweli, mbona hatuwajui? Ningependa pia kujua nianze kutazama filamu ipi.

JIBU: Marahaba, dada. Kaka yako amekosea, ila hakukosea peke yake. Kosa hilo limekaa vitabuni kwa miongo mingi, na hata mimi nilipoanza kufundisha historia ya filamu nilikuwa nikiwaruka hawa mama kwa sababu kitabu nilichokitegemea kiliwaruka.

Tuanze na Alice Guy, maana kwake tarehe peke yake zinamaliza ubishi. Alizaliwa mwaka 1873 huko Saint-Mandé, kando ya Paris. Baba yake alikuwa na maduka ya vitabu Chile. Biashara ikaanguka, baba akafariki, na binti akajifunza taipu na hatimkato ili amtunze mama yake. Mwaka 1894 akapata kazi ya ukatibu muhtasi katika kampuni iliyouza kamera na vifaa vya picha, ambayo muda si mrefu iliingia mikononi mwa Léon Gaumont. Machi 1895 Alice na bosi wake walihudhuria onyesho ambalo ndugu wawili wavumbuzi wa Ufaransa, akina Lumière, walionyesha kifaa chao kipya cha kupiga na kuonyesha filamu: wafanyakazi wanatoka kiwandani, basi. Gaumont alikuwa muuza mashine, na kwake filamu ilikuwa sampuli ya kumwonyesha mteja kwamba kamera inafanya kazi. Treni inapita, askari wanapita, farasi anapita. Alice, mtoto wa muuza vitabu, aliona kwamba wangeweza kusimulia hadithi. Akaomba ruhusa ya kujaribu, yeye na marafiki zake. Gaumont akakubali kwa sharti kwamba kazi ya ukatibu isilale.

Kwa hiyo akawa anaandika barua za ofisi, na katika muda uliobaki anapiga filamu. Inayotajwa kuwa ya kwanza ni kisa cha malaika anayewachuma watoto wachanga kutoka kwenye kabeji. Wazee wa Ufaransa waliwaambia watoto kwamba huko ndiko wanakotoka. Alice mwenyewe aliitaja kuwa ya 1896. Wanahistoria wanabishana kuhusu mwaka huo, kwa sababu nakala iliyopo leo inaonekana kuwa ya 1900. Tuwaachie ubishi wao. Lisilobishaniwa ni kwamba kwa takriban miaka kumi yeye ndiye aliyesimamia utayarishaji wote wa filamu za Gaumont. Mwaka 1906 aliongoza filamu ya maisha ya Yesu yenye mandhari 25 na umati wa waigizaji wa ziada wapatao 300, ilhali wenzake wengi walikuwa bado wanapiga vichekesho vya dakika mbili.

Sasa, yule mume ambaye kaka yako anamtafuta. Anaitwa Herbert Blaché, naye alikuwa mwajiriwa wa Gaumont. Alice aliolewa naye mwaka 1907. Mwambie kaka yako apige hesabu: mume aliyeingia 1907 atampaje mkewe sifa ya kazi za miaka kumi iliyotangulia? Wakahamia Marekani. Mwaka 1910 Alice akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Solax, na mwaka 1912 akajenga studio Fort Lee, New Jersey, kwa zaidi ya dola 100,000. Wakati huo Fort Lee ndiyo iliyokuwa mji wa filamu. Hollywood ilikuwa bado inaota meno. Ukutani alitundika bango la kuwaambia waigizaji wasijitie, waigize kama watu wa kawaida. Lilikuwa agizo zito kwa watu waliotoka jukwaani, waliozoea kurusha mikono hewani ili aliyekaa kiti cha mwisho aelewe kuwa wana huzuni. Na Herbert? Solax ilipoanza alikuwa bado analipwa mshahara na Gaumont. Mwenye studio alikuwa mke.

Kama tarehe hazimtoshi, kuna ushahidi wa macho. Umebaki ukanda mfupi wa mwaka 1905 uliopigwa ndani ya studio ya Gaumont. Ilikuwa enzi ya kujaribu kuoanisha picha na sauti: wimbo ulirekodiwa kwanza kwenye sahani ya santuri, halafu ukachezwa huku waigizaji wakifuatisha midomo mbele ya kamera. Unaona watu waliovaa mavazi ya maonyesho, unaona pembe kubwa ya santuri, na katikati ya pilikapilika hiyo yuko mwanamke mwenye sketi ndefu anayepanga watu. Hakuna mume pembeni anayemnong'oneza la kufanya.

Hata hivyo nisimnyime kaka yako haki yake yote, maana kuna mahali anagusa jambo. Wapo wanawake waliofanya kazi pamoja na waume zao, na majina yakachanganyika. Lois Weber ndiye mfano mkubwa. Alizaliwa 1879 Pennsylvania, akawa mhubiri wa mitaani akiimba nyimbo za dini katika vitongoji vya maskini, kisha akaingia jukwaani, na huko akaolewa na mwigizaji Phillips Smalley. Filamu zao za mwanzo zilitangazwa kwa majina ya wote wawili. Lakini mswada aliandika Lois, mara nyingi aliigiza humo humo, na waandishi wa magazeti ya wakati ule waliotembelea studio walijua nani anatoa maelekezo. Mwaka 1916 kampuni ya filamu ya Universal ya Marekani haikuwa na mwongozaji aliyelipwa zaidi yake, mwanamume wala mwanamke. Mwaka 1917 akafungua kampuni yenye jina lake. Walipoachana mwaka 1922, Smalley alirudi kuwa mwigizaji wa kawaida, na Lois akaendelea kuongoza. Talaka ni kipimo kizuri, ingawa si cha kumwombea mtu.

Nataka nikae kidogo kwenye filamu yake moja, Shoes, ya mwaka 1916, kwa sababu inaonyesha aina ya macho aliyokuwa nayo. Binti mmoja anauza katika duka la bidhaa za bei rahisi kwa dola tano kwa wiki. Baba yake hana kazi na wala haitafuti. Amelala kitandani anasoma riwaya. Mama anahesabu senti, wadogo zake watatu wanakula. Viatu vya binti vimekwisha soli. Kila jioni anachukua mkasi, anakata kipande cha kadibodi kwa umbo la unyayo, anakichomeka ndani ya kiatu. Kesho yake mvua inanyesha, kadibodi inalowa na kuvunjika, jioni anakata nyingine. Weber anakurudisha kwenye miguu hiyo tena na tena: anapopanda ngazi, anaposimama nyuma ya kaunta siku nzima, anapoiloweka kwenye beseni. Mwishowe anakwenda kwa mwanamume ambaye siku nyingi amekuwa akimvizia, na anarudi nyumbani na viatu vipya. Siku hiyo hiyo baba anatangaza kwamba amepata kazi. Hakuna hotuba yoyote. Inatosha uangalie viatu.

Filamu hiyo ilikaribia kupotea. Tunayoitazama leo iliunganishwa na wahifadhi wa Amsterdam kutoka nakala tatu tofauti, zenye mapengo tofauti.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoingia: mbona hatuwajui? Sababu hazikuwa na uzito sawa, kwa hiyo sitazigawia nafasi sawa.

Ya kwanza ni kwamba filamu za mwanzo hazikuwa na majina ya watu kabisa. Uliona nembo ya kampuni na kichwa cha filamu, basi. Hata nyuso hazikuwa na majina. Florence Lawrence alipendwa na mamilioni ya watazamaji Marekani waliomjua tu kama msichana wa kampuni ya Biograph, mpaka mwaka 1910 kampuni nyingine ilipomchukua na kulitangaza jina lake kwa kelele. Kama uso uliojaa kwenye kitambaa cha kuonyeshea filamu ulikosa jina, aliyesimama nyuma ya kamera angelipata wapi?

Na nyuma yao walikuwepo wengine waliozama zaidi. Umewahi kuona zile filamu za Georges Méliès, mwongozaji wa Ufaransa wa miaka ya mwanzo, zenye rangi, kabla teknolojia ya rangi haijakuwapo? Rangi zile zilipakwa kwa mkono jijini Paris, katika karakana ya Elisabeth Thuillier, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 200. Chukua ukanda wa filamu uuangalie: picha moja ina ukubwa wa stempu ya barua. Mtu ndani ya picha hiyo ana ukubwa wa ukucha, na koti lake ni nukta. Kila mfanyakazi alikuwa na rangi yake moja na brashi nyembamba mno. Huyu anapaka nyekundu ya koti, picha baada ya picha, kisha ukanda unakwenda kwa mwenzake mwenye njano. Filamu ya dakika kumi na kitu ina picha kama hizo kwa maelfu, na kila nakala iliyouzwa ilipakwa upya tangu mwanzo. Thuillier alisimulia kwamba usiku alikuwa akichagua na kujaribu rangi, mchana wasichana wakizipaka. Méliès anajulikana duniani kote. Jaribu kumtaja hata mmoja wa wale 200.

Sababu ya pili ni moto na uozo. Kanda za zamani zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, kitu kinachowaka haraka na kisichozimika kwa maji. Hata kisipowaka, kinajila chenyewe ndani ya kopo: kwanza picha zinafifia, kisha ukanda unanata kama asali, mwishowe unabaki unga wa kahawia wenye harufu kali. Nyingine ziliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyokuwemo. Universal iliteketeza filamu bubu ilizokuwa nazo mwaka 1948 kwa sababu ilionekana zinakula nafasi bure, na humo zilikwenda kazi nyingi za Weber. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2013 ilikadiria kwamba asilimia 70 hivi ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea kabisa. Kweli, moto huo uliunguza za wanaume pia. Tofauti ni kwamba filamu ya mwanamume mwenye jina ikipotea, watu wanaitafuta kwenye maghala ya dunia nzima. Asiye na jina hatafutwi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni pesa. Watu hunishangaa ninaposema wanawake waliingia kwenye filamu kwa sababu filamu ilidharauliwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa burudani ya maonyesho ya mitaani. Watu wa tamthilia waliiona ni ya kihuni. Sarah Bernhardt, malkia wa jukwaa la Ufaransa, alipokubali kupigwa filamu ilikuwa habari ya kushangaza. Hapakuwa na chuo, wala chama cha mafundi, wala bodi ya kuuliza vyeti. Aliyejua kuandika, kushona mavazi, kuigiza na kuhesabu bajeti alikuwa tayari ana nusu ya kazi. Universal peke yake, kati ya 1912 na 1919, iliwatambua wanawake 11 kuwa waongozaji.

Kisha filamu zikawa ndefu, kumbi zikawa kubwa, na miaka ya 1920 benki zikaingia. Kampuni chache zikameza studio na kumbi kwa pamoja. Mwenye benki alitaka kumkabidhi fedha mtu anayefanana naye. Sauti ilipoingia mwishoni mwa muongo huo, gharama zilipanda tena, na kampuni ndogo, ambazo ndizo wanawake walikuwa wakizimiliki, zikafa. Kuna ushahidi mdogo ninaoupenda sana. Mwaka 1920 Marekani kilichapishwa kitabu cha kuwaelekeza wasichana kazi za kufanya, na kilikuwa na sura kuhusu uongozaji wa filamu, iliyoandikwa na mwongozaji Ida May Park. Kilipotolewa upya mwaka 1934, sura hiyo ilikuwa imeondolewa. Katika studio kubwa za Hollywood alikuwa amebaki Dorothy Arzner, karibu peke yake, mwanamke aliyeanzia kupiga taipu miswada na ambaye mwaka 1929, akipiga filamu ya sauti, aliamuru kipaza sauti kifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili mwigizaji wake aweze kutembea.

Lois Weber alifariki mwaka 1939 akiwa hana kitu. Gharama za mazishi zililipwa na Frances Marion, mwandishi aliyepata Oscar mbili za uandishi wa filamu, na ambaye kazi alijifunzia kwa Lois.

Alice Guy aliishi muda mrefu kiasi cha kuona anavyofutwa. Ndoa ikavunjika, studio ikaingia madeni, na mwaka 1922 akarudi Ufaransa na watoto wawili bila nakala moja ya filamu zake mkononi. Alipotafuta kazi hakuwa na cha kuonyesha. Akaishi kwa kuandikia magazeti hadithi fupi na muhtasari wa filamu za watu wengine. Mapitio ya historia ya kampuni ya Gaumont yalipotoka, miaka yake yote pale haikutajwa. Mwanahistoria mmoja mkubwa wa Ufaransa akaiandika ile filamu ya 1906 kwa jina la Victorin Jasset, aliyekuwa msaidizi wake. Bibi huyo akaanza kuandika barua, akaorodhesha filamu kutoka kichwani, akaenda kwenye maktaba kuzisaka kanda. Alifariki mwaka 1968 New Jersey akiwa na miaka 94. Kumbukumbu zake zilichapishwa 1976, miaka minane baada ya kifo chake. Kati ya filamu karibu 1,000 anazohusishwa nazo, zimepatikana kama 150, nyingi zikiwa zimeibuliwa baada ya yeye kuondoka.

Usije ukadhani hii ni habari ya Marekani na Ufaransa tu. India, mwaka 1913, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo ilipotengenezwa, nafasi ya malkia ilibidi iigizwe na mwanamume, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekubali kuonekana kwenye filamu. Miaka kumi na mitatu tu baadaye, mwaka 1926, Fatma Begum aliongoza filamu yake mwenyewe chini ya kampuni yake mwenyewe. Misri nako, mwaka 1927, mwigizaji wa jukwaani Aziza Amir alitoa fedha zake na kutayarisha Laila, ambayo Wamisri wanaihesabu miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za kwao. Wote wawili waliingia wakati ule ule ambao hapajakaa mtu mlangoni.

Kuhusu waume, nakupa mfano mmoja wa kumnyamazisha kaka. Lotte Reiniger wa Ujerumani alikata vikaragosi vya karatasi nyeusi na bati jembamba la madini ya risasi, akaunganisha viungo vyake kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na kuvisogeza kidogo kidogo, kila msogeo picha moja. Sekunde moja ya mwendo ilihitaji picha kama 24. Kati ya 1923 na 1926 alimaliza hivyo filamu yenye zaidi ya saa moja, ambayo ndiyo filamu ndefu ya katuni kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Aliyekuwa juu ya kioo akibonyeza kamera ni mumewe, Carl Koch. Sijawahi kusikia mtu akisema Koch aliandikwa jina kwa heshima ya mkewe.

Sasa la kutazama. Usianze na Shoes, inataka subira. Anza na Suspense ya Lois Weber, ya mwaka 1913, haifiki dakika kumi na mbili, na inapatikana mtandaoni bure. Mtumishi anaacha kazi, anaweka ufunguo chini ya zulia la mlangoni na kuondoka. Mama, ambaye ni Weber mwenyewe, amebaki na mtoto mchanga. Mzururaji anaukuta ufunguo. Mama anampigia simu mumewe, na hapo picha kwenye skrini inagawanyika pembetatu tatu: mke ameshika simu, mume yuko ofisini, na mgeni anaingia. Baadaye, mume akikimbia na gari aliloiba, angalia kioo cha pembeni cha gari: polisi wanamfukuza humo ndani. Itazame na kaka yako, ila usimwambie nani ameiongoza mpaka iishe.